Saa ya Kauri: Bakuli la Ukutani au Bakuli la Mkononi?

Wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Neno hili lilinirudia Ijumaa moja, kabla ya hotuba, nilipomkuta mwana wa ndugu yangu amechutama penye birika la kutawadhia, anaokota kitu cheusi kidogo mithili ya kipande cha kigae. Kilikuwa ni kipande cha saa yake. Saa yenyewe alikuwa ameishika kwa mkono wa pili, bado inatembea, akrabu ya sekunde inazunguka kama kwamba hapana lililotokea. Lakini sikio moja la saa, pale mkanda unapofungwa, halikuwapo.

Kijana huyu hufanya kazi Ghuba, na saa ile aliinunua huko kwa jasho la miezi mingi. Ilikuwa saa ya kauri, nyeusi tititi, yenye mng'aro wa maji ya kisima usiku wa mbalamwezi. Aliivua ili maji yafike ngozini, akaiweka juu ya ukingo wa birika, na mkono wa kanzu ya jirani yake ukaipangusa. Kutoka ukingoni hadi sakafuni hapafiki hata mita moja.

"Ami," akaniambia, "waliniapia kuwa hii haipati mkwaruzo maisha."

"Na kweli walisema," nikamjibu. "Mkwaruzo haikupata. Imevunjika."

Tulipomaliza sala nikamchukua tukaenda kwa fundi wangu wa saa, mzee ambaye kwa miaka mingi ameketi nyuma ya meza yake ndogo huko Mji wa Kale, Mombasa, lenzi imebanwa jichoni na koleo mkononi. Aliipokea saa, akaigeuzageuza, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, kisha akairudisha juu ya kitambaa taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Malenga," akanena, "ingalikuwa ya chuma cha pua ningaliichomelea, nikapiga tupa, nikaing'arisha, na kesho ungalikuja usijue ilipovunjika. Ingalikuwa dhahabu ningaliipeleka kwa sonara. Hii sina dawa yake. Haichomelewi, haipigwi tupa, haipindwi. Hii yataka nyumba mpya, na nyumba mpya anayo yule aliyeiunda."

Wakala wa watengenezaji alipoulizwa, alijibu kuwa saa haina budi kupelekwa Ulaya, ikae huko miezi, na gharama yake ikakaribia nusu ya bei ya saa nyingine mpya. Kijana akainama. Nami mkononi nilikuwa nimevaa saa ya marehemu baba yangu, saa ya chuma cha pua aliyoinunua mwaka 1964 alipokuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Saa hiyo imegongwa na minyororo, imeanguka kwenye ngazi za meli, imeoga maji ya chumvi, na kioo chake kimebadilishwa mara zisizo hesabu. Ubavuni ina kibonyeo kinachotosha ncha ya kidole. Lakini yatembea, na mwanangu mkubwa ameshaanza kuniuliza kwa adabu ni nani atakayeirithi.

Basi je, kauri ni kitu kibaya? La hasha! Ukurasa huu haukuandikwa ili kulaani kila kipya kwa kuwa ni kipya. Hiyo ni tabia ya mtu aliyechoka kufikiri. Lakini vijana wetu wanaotoka safari na wale wanaoagiza vitu kutoka ng'ambo wanazidi kuvaa saa hizi, na wengi wao hawakuambiwa ila nusu ya habari. Nusu ya habari ni hatari kuliko ujinga. Yatupasa tuiweke kauri mizanini, tuitazame sahani zote mbili, kisha tuamue.

Kwanza, jina lenyewe si geni kwetu. Kauri ni ile simbi ya pwani ambayo watoto huichezea bao, na kauri ni vyombo vile vyeupe vya Kichina. La kustaajabisha ni kwamba Wazungu nao walipita njia hiyohiyo: jina lao la vyombo hivyo limetokana na neno la Kiitaliano lililokuwa jina la simbi hiyo, kwa sababu ya weupe na ulaini wake. Watu wawili walioishi mbali wakaona kitu kimoja wakakifananisha na kombe moja.

Na vyombo hivyo vya China vimekuwa kwetu tangu karne nyingi. Magofu ya Gedi, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia, yametoa vipande vyake kwa wingi. Kaburi la mnara la Mambrui lilipambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming. Na huko Lamu, nyumba za kale za mawe zina vidaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu kwa safu, ambamo mabibi zetu walipanga sahani na mabakuli yao. Mtu anaposema kuwa kauri ni jambo jipya, twamwambia apunguze sauti.

Lakini kauri ya saa si udongo wa kikombe cha kahawa. Ni unga mweupe wa oksidi ya zirkoniamu, unaotiwa kiasi kidogo cha oksidi ya itriamu ili usipasuke wakati wa kupoa. Unga huo huchanganywa na kitu cha kuushikamanisha, ukasindiliwa katika kalibu, kisha ukachomwa katika tanuri kwa joto la kiasi cha digrii 1,450 za Selsiasi. Humo tanurini hunywea kwa sehemu moja katika tano, na pengine zaidi, hata aliyeunda kalibu hulazimika kuifanya kubwa kuliko saa anayoitaka na kuomba Mungu hesabu yake isiwe imepotoka. Ukishatoka tanurini hapana tupa ya chuma inayoweza kuukata. Hukatwa na kung'arishwa kwa almasi. Ndiyo maana saa hizi ni ghali: wanunuzi hulipia tanuri, almasi, na vile vilivyoharibika njiani.

Historia yake si ndefu sana. Kampuni ya Rado ya Uswizi ilitoa mwaka 1962 saa iliyoitwa DiaStar, isiyokuwa ya kauri bali ya madini magumu ya kabidi ya tangisteni, na shabaha yao ilikuwa moja tu: saa isiyokwaruzika. Mwaka 1986 Rado hao wakatoa saa ya Integral yenye bangili ya kauri, na mwaka huohuo kampuni ya IWC ikatoa saa yake ya Da Vinci ikiwa na nyumba ya kauri ya zirkoniamu. Mwaka 2000 Chanel wa Ufaransa wakatoa J12 nyeusi, na mwaka 2003 ikafuata nyeupe, na hapo kauri ikatoka kwa mafundi ikaingia kwa wapenda mitindo. Mwaka 2005 Rolex wakaanza kutumia kauri kwa pete inayozunguka kioo. Mwaka 2013 Omega wakatoa saa ya Speedmaster nyeusi ya kauri, na mwaka 2016 hata Apple, wenye kuunda simu na kompyuta, wakatoa saa yao ya kauri nyeupe.

Sasa tuitazame sahani ya sifa.

Sifa ya kwanza ni ugumu. Kwa kipimo cha mafundi kiitwacho Vickers, chuma cha pua cha saa hupata kiasi cha 200, kauri hupata 1,200 na zaidi, na kioo cha yakuti hupata kiasi cha 2,000. Maana yake ni hii: chembe za kwatzi zilizomo katika mchanga na vumbi ni ngumu kuliko chuma cha pua, kwa hivyo kila mara unapopangusa saa yako ya chuma kwa mkono wenye vumbi, unaikwaruza. Lakini chembe hizo ni laini kuliko kauri. Saa ya kauri inaweza kuvaliwa miaka 20 na uso wake ukabaki kama siku ilipotoka sandukuni. Na pengine utaona alama ya kijivu juu ya kauri nyeupe ukadhani imekwaruzika. Aghalabu huo si mkwaruzo, bali ni chuma cha ufunguo au cha mlango kilichobaki juu ya kauri, na mara nyingi raba ya mtoto wa shule hukifuta.

Sifa ya pili yatuhusu sisi watu wa bahari. Kauri haishiki kutu. Chumvi haiidhuru, jasho haliidhuru, wala maji ya udhu mara tano kwa siku hayaidhuru. Chuma cha pua kinavumilia sana, hapana shaka, lakini baharini hata chuma cha pua hupata vitobo vidogo pale chumvi inapokaa na uchafu bila kusuguliwa. Na mkanda wa ngozi kwa mtu anayetawadha kila siku tusiutaje. Huoza, hunuka, na hukatika siku usiyoitazamia.

Sifa ya tatu ni afya ya ngozi. Chuma cha pua kina nikeli ndani yake, na wapo watu ambao ngozi zao hazipatani na nikeli. Huwashwa, hutoka vipele, wakadhani ni joto, wakapaka dawa, kumbe ni saa au pambo. Kauri haina nikeli. Mtu wa aina hiyo akivaa kauri, amepumzika.

Sifa ya nne ni uzito na joto. Kauri ni nyepesi kuliko chuma cha pua: kwa kila sentimita ya ujazo, kauri ina gramu 6 na chuma kina kama 8, ilhali dhahabu ya karati 18 hupita 15. Isitoshe, kauri haipitishi joto upesi kama chuma, kwa hivyo ukiivaa hupatana na joto la mwili wako, usiisikie tena.

Sifa ya tano ni rangi. Pete za alumini zilizotiwa rangi, zilizokuwa zikitumiwa kwa saa za wazamiaji, hupauka kwa jua kama kanga iliyosahauliwa kambani. Rangi ya kauri imo ndani yake tangu ilipochomwa, haikupakwa juu. Jua la Pwani halina la kuifanya.

Na kuna sifa ya sita ambayo wauzaji wa Uswizi huenda hawakuifikiria. Kama tulivyofundishwa chuoni, dhahabu si pambo la mwanamume Mwislamu. Basi bwana arusi anayetaka saa ya kupendeza kuliko ya chuma cha kila siku, akatazama kauri nyeusi, amepata pambo lisilo na shaka. Hilo ni jambo la haki, ila asisahau kuwa israfu haihitaji dhahabu ili iwe israfu.

Hizo ndizo sifa, nasi hatukupunguza hata moja. Sasa tuigeukie sahani ya pili.

Kasoro ya kwanza ndiyo mama wa zote: kauri haijui kupinda. Hapa ndipo wanunuzi wetu wanapodanganyika, kwa kuwa huchanganya mambo mawili. Kitu kigumu si lazima kiwe kistahimilivu. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa, na ustahimilivu ni kukubali pigo bila kukatika. Mnazi si mgumu kama ukuta wa mawe, lakini upepo wa kusi ukivuma kwa hasira mnazi huinama ukainuka, na ukuta ukianza kwenda hauna marejeo. Saa ya chuma ikianguka, chuma hubonyea kidogo na katika kubonyea huko hulimeza pigo. Kibonyeo kile cha saa ya baba yangu si aibu, ni risiti ya deni lililolipwa. Kauri haibonyei. Hulipokea pigo lote, na likizidi uwezo wake au likiangukia mahali pembamba kama kwenye sikio la mkanda, hukatika. Zirkoniamu ni stahimilivu kuliko kauri nyingine nyingi, ndiyo sababu ikachaguliwa. Lakini haifikii chuma.

Kasoro ya pili ni fundi. Chuma kina tabibu kila mji, kauri tabibu wake yuko kiwandani. Haichomelewi, haing'arishwi kwa kitambaa na dawa ya kawaida, wala haitobolewi kwa keekee ya dukani. Ikivunjika, kipande kizima hubadilishwa, nacho hutoka kwa mwenye kampuni peke yake, kwa bei yake na kwa muda wake. Na je, miaka 40 kutoka sasa, kampuni hiyo itakuwa bado inatengeneza nyumba ya saa ya namna ile? Kwa chuma swali hili halina uzito, maana fundi hodari aweza kuichonga upya. Kwa kauri, swali hili ndilo jambo lenyewe.

Kasoro ya tatu ni thamani ya mabaki. Dhahabu ikivunjika ni dhahabu, hupimwa ikauzwa. Kauri ikivunjika ni vigae.

Kasoro ya nne ni kuwa saa ya kauri si kauri tupu. Ndani yake mna vipini, bawaba, na aghalabu kifuniko cha nyuma ambavyo ni vya metali. Hivyo basi chumvi bado ina pa kuingilia, nayo yahitaji kusuuzwa kwa maji matamu kama saa nyingine yoyote. Anayedhani ameondokana na kuitunza saa yake kwa kuwa ni ya kauri, amejidanganya.

Na kasoro ya tano ni ughushi. Sokoni mmejaa saa zinazoitwa za kauri ambazo ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na pengine plastiki. Rangi hiyo hubanduka kwanza pembeni na kwenye kifungo cha mkanda, chuma kikachungulia. Ukiletewa saa iliyotumika, tazama pembe zake kabla ya kutazama uso wake. Kauri ya kweli ni rangi moja kutoka nje hadi ndani.

Wasomaji, mizani yetu inasemaje? Jibu letu tumelipata kwa wazee wetu. Yale mabakuli ya Mambrui yalikaa pale karne nyingi, jua likiyapiga, chumvi ikiyapiga, mvua ya masika ikiyapiga, wala rangi yake ya buluu haikufifia. Lakini ndugu zake, yale yaliyowekwa mezani na kupakuliwa wali, yako wapi? Yamo majaani, vipande vipande, yanachimbuliwa na wataalamu kwa brashi. Bakuli ni lile lile, udongo ni ule ule, meli iliyoleta ni ile ile. Moja lilishikwa na chokaa ya ukuta, jingine lilishikwa na mkono wa mtu.

Kauri yataka kushikwa. Waunda saa wenyewe wanalijua jambo hili tangu zamani, hata kama hawalisemi dukani. Tazameni vile vito 17 vinavyoandikwa juu ya uso wa saa nyingi za zamani. Vito hivyo ni yakuti nyekundu, kitu kigumu chenye asili ya oksidi ya alumini, jamaa ya karibu ya kauri. Mwaka 1704, huko London, Nicolas Fatio de Duillier na wenzake walipewa hati ya haki ya kutoboa vito ili vitumike katika saa, na mwaka 1902 Auguste Verneuil wa Ufaransa akatangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto wa tanuri, na vito vikaenea hadi kwenye saa za watu wa kawaida. Navyo ni vyepesi kupasuka. Lakini vimo ndani, vimeshikwa na shaba, na vile vinavyobeba gurudumu la mizani huwekewa springi ndogo ya kulainisha pigo. Havianguki peke yake. Havikutani na sakafu.

Basi rai ya ukurasa huu ni hii. Pete ya kauri iliyotiwa ndani ya saa ya chuma ni bakuli la ukutani: imeshikwa, yapokea jua na mchanga bila kuchakaa, na pigo kubwa hupokewa na chuma kilichoizunguka. Hapo kauri ipo mahali pake. Lakini saa iliyo kauri mwili mzima, masikio na bangili, ni bakuli la mkononi. Si haramu kuwa nayo, wala si upumbavu. Ni ya mtu ambaye kazi yake ni ya kalamu, ambaye ngozi yake haipatani na chuma, ambaye ana nyingine ya kuvaa siku ya kupakua mizigo, na ambaye hata ikivunjika hatakosa karo ya mtoto. Baharia, mvuvi, makanika, mpagazi wa bandarini na dereva wa boda boda, hao twawashauri kwa mapenzi: chukueni chuma.

Na huyu anayeivaa, asiivue akaiweka ukingoni. Akitaka kutawadha, aitie mfukoni au aipandishe mkononi na kuhakikisha maji yamefika ngozini. Sakafu za misikiti yetu sasa ni za vigae vitupu, wala hazina huruma kama udongo wa zamani.

Yako mawili ya mwisho, nayo ni mazito kuliko saa.

La kwanza ni huyu fundi wetu wa Mji wa Kale. Wangapi wamebaki kama yeye? Wengi wamekwenda mbele ya haki, na meza zao sasa zinauza vifuniko vya simu. Saa isiyotengenezeka ikienea, fundi hukosa kazi. Fundi akikosa kazi, hapati mwanafunzi. Siku utakapotaka kuitengeneza ile saa ya babako inayotengenezeka, hutampata mtu. Kwa hivyo vyuo vyetu vya ufundi hapa Pwani vingefanya jambo la maana kuwaita wazee hawa wafundishe wangali na macho ya kuona. Wafundishwe vijana saa ya chuma, na wafundishwe pia namna ya kubadilisha kipande cha kauri, maana zama hazirudi nyuma.

La pili ni mchanga. Asili ya zirkoniamu ni madini yaitwayo zirkoni, nayo yamo katika mchanga wa Kwale. Mchanga huo ulichimbwa kwa zaidi ya miaka 10, meli ya kwanza ikapakia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukasimamishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Sisemi kuwa saa ya mwana wa ndugu yangu ilitoka Kwale. Zirkoni huchimbwa kwa wingi zaidi huko Australia na Afrika Kusini, na sehemu kubwa yake huishia katika kung'arisha vigae na vyombo vya kauri, wala si katika saa. Huenda saa ile na sakafu iliyoivunja zilikuwa ndugu wa mchanga mmoja! Lakini lipo la kujiuliza. Tuliuza mchanga kwa tani, na tunanunua kauri kwa gramu. Baina ya tani na gramu upo ujuzi, ile tanuri na ile almasi na ile hesabu ya kunywea, na ujuzi huo haukuwahi kushuka Likoni. Mashimo yamebaki Kwale, na ujuzi uko Uswizi. Wakati mwingine tutakapopewa mkataba wa kuchimba kitu, tuulize pia habari ya tanuri.

Mwana wa ndugu yangu amerudi Ghuba. Saa yake ameiacha kwangu, imo katika kidaka cha ukutani, imeegemea bakuli la kale la bibi yangu. Inatembea bado, na haina hata mkwaruzo mmoja. Yeye nimempa saa nyingine ya chuma, si ya baba, msije mkanilaumu. Nami kwa kuwa sikuzoea kufunga ukurasa bila beti, nimemwandikia hizi akazisome ndegeni:

Saa iso na dosari, sijaona kuivaa,
Hata hii ya kauri, ing'arayo kama taa,
Joto haliiathiri, mikwaruzo hukataa,
Kauri ivunjikapo, fundi hana la kufaa.

Ya chuma ina huruma, huparuzwa mkononi,
Huanguka ikazima, ikafufuka dukani,
Wajukuu husimama, wakairithi nyumbani,
Kauri ivunjikapo, fundi hana la kufaa.

Sikatazi kununua, mwenye nacho atembee,
Ila kwanza kuijua, mtoto asichezee,
Na fundi kumuinua, ufundi usipotee,
Kauri ivunjikapo, fundi hana la kufaa.